Ufukwe wa mchanga mweusi La Palma: moto ulizimika, hewa ikabaki

Katika kipindi chetu cha asubuhi tuligusia kisiwa cha La Palma nchini Hispania, ambako volkano ililipuka mwaka 2021 na ambako wageni wameanza tena kwenda kuogelea kwenye fukwe za mchanga mweusi. Ujumbe mliotutumia ulikuwa mwingi, na maswali yalikuwa hasa matatu. Mchanga unawezaje kuwa mweusi kama mkaa? Kwa nini kijiji ambacho lava haikukigusa kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima? Na je, mtu anaweza kwenda kule akarudi salama?

Muda wa hewani haukutosha kujibu yote. Tumeyaandika hapa ili uyasome kwenye simu yako kwa nafasi yako, na umsomee aliye karibu nawe. Tunakuomba usiishie katikati. Jibu la swali la pili linatuhusu hata sisi tunaoishi mbali na volkano, hasa mwenye kisima au shimo nyumbani kwake.

La Palma ni wapi?

La Palma ni kimojawapo cha Visiwa vya Canary. Visiwa hivi ni sehemu ya Hispania, lakini viko katika Bahari ya Atlantiki, jirani na pwani ya kaskazini-magharibi ya Afrika. Usikichanganye na Las Palmas, ambao ni mji mkubwa katika kisiwa kingine cha hukohuko.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Kina kilomita za mraba 708, yaani hakifiki hata nusu ya Unguja, na wakazi wake ni zaidi ya 80,000. Kirefu chake ni cha kwenda juu: kilele cha Roque de los Muchachos kina mita 2,426 kutoka usawa wa bahari. Kisiwa chote kimejengwa na volkano zilizolipuka moja baada ya nyingine tangu zamani sana. Upande wa kusini ndio ambao bado una uhai. Huko kuna mgongo wa milima uitwao Cumbre Vieja, na milipuko ya mwaka 1949, 1971 na 2021 yote ilitokea kwenye mgongo huo.

Watu wa huko ni wakulima wa migomba kama wengi wetu hapa Kagera, ila ndizi zao ni zile ndogo za kuiva, zinazouzwa Hispania bara. Ndizi na wageni ndivyo vinavyoingiza fedha.

Siku 85 za moto

Kuanzia tarehe 11 Septemba 2021 ardhi ya kusini mwa kisiwa ilianza kutetemeka mfululizo. Wataalamu wakaona pia kwamba ardhi inavimba, dalili kwamba mawe yaliyoyeyuka yanapanda kutoka chini. Tarehe 19 Septemba, saa tisa alasiri, mlima ukapasuka. Haukupasuka kileleni. Ulipasuka ubavuni, juu ya makazi ya watu.

Lava ni mawe yaliyoyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selisiasi. Hutiririka kama uji mzito. Mara nyingi huwa inakwenda polepole kiasi cha mtu kuikimbia kwa miguu, lakini nyumba haina miguu. Lava iliteremka ikameza nyumba, shule, barabara, mabomba ya maji na mashamba. Kijiji cha Todoque kilifunikwa. Kanisa lake lilianguka tarehe 26 Septemba, na siku mbili baadaye lava ikafika baharini.

Mlipuko ulisimama tarehe 13 Desemba, na siku ya Krismasi wakuu wa kisiwa wakatangaza kwamba umekwisha. Ulikuwa umedumu siku 85, na hakuna mlipuko mwingine wa La Palma ulioandikwa katika historia uliodumu muda mrefu hivyo. Hekta zaidi ya 1,200 zilikuwa zimefunikwa. Nyumba za kuishi zaidi ya 1,300 zilikuwa zimeharibiwa, na hekta zaidi ya 200 za migomba zilikuwa chini ya mawe. Mlima mpya uliozaliwa ukapewa jina la Tajogaite.

Watu wapatao 7,000 waliondolewa makwao. Hakuna aliyekufa kwa kukanyagwa na lava, kwa sababu walihamishwa mapema. Mtu mmoja alikutwa amekufa katika eneo lililohamwa, alikokuwa amekwenda kusafisha majivu juu ya paa. Hili la majivu tulikumbuke: yakirundikana kwenye paa huwa mazito kuliko yanavyoonekana, na yakinyeshewa na mvua huzidi uzito.

Kwa nini mchanga ni mweusi?

Mchanga wowote ni mawe au vitu vigumu vilivyosagika. Rangi yake inafuata kile kilichosagwa. Mchanga mweupe wa Unguja na Mafia kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makome yaliyosagwa na mawimbi. Kule La Palma hakuna matumbawe ya kutosha kufanya hivyo. Mawimbi yanachokisaga ni jiwe jeusi la volkano liitwalo basalti.

Kuna njia mbili za mchanga huo kutengenezwa. Ya kwanza ni ya polepole: bahari inapiga mwamba wa zamani miaka na miaka hadi unakuwa punje. Ya pili ni ya ghafla. Lava ya moto ikiingia katika maji baridi hupasuka vipande vipande, kama bilauri ya moto inayomwagiwa maji ya baridi. Mawimbi huvisaga vipande hivyo na kuvitupa ufukweni. Kwa hiyo ufukwe mweusi unaweza kuzaliwa katika muda mfupi. Mwaka 2021 ufukwe mmoja uliopendwa na vijana wanaocheza na mawimbi, Los Guirres, ulifunikwa na lava. Lakini bahari ilisukumwa nyuma, nchi kavu ikaongezeka kwa hekta zaidi ya 40, na pembeni mwa nchi hiyo mpya fukwe mpya nyeusi zikaanza kujitengeneza.

Jiwe la basalti lina madini ya chuma. Ukipitisha sumaku kwenye mchanga wa namna hii, punje nyingi zitaifuata. Na kwa kuwa kitu cheusi hunywa joto la jua kuliko cheupe, mchanga huu saa sita mchana huunguza nyayo. Mgeni asiyejua huvua viatu kwa furaha, akapiga hatua kumi, akarudi mbio.

Puerto Naos: kijiji kilichonusurika kisha kikafungwa

Sasa tuje kwenye swali lililoulizwa zaidi. Puerto Naos ni kijiji cha ufukweni magharibi mwa kisiwa. Kina ufukwe mrefu wa mchanga mweusi wenye minazi na mitende pembeni, hoteli, maduka na nyumba za ghorofa zinazotazama bahari. Kabla ya mlipuko hapa ndipo wageni wengi walipofikia. Jirani yake kuna kijiji kidogo kiitwacho La Bombilla.

Lava haikufika Puerto Naos. Ilipita kaskazini yake. Watu waliondolewa kwa tahadhari, wakiacha vyombo mezani na nguo kwenye kamba, wakijua kwamba moto ukizimika watarudi. Moto ukazimika, lakini hawakuruhusiwa. Nyumba zilikuwa zimesimama, rangi zake zilezile, bahari ileile. Watu waliopoteza nyumba chini ya lava walijua wamepoteza nini. Wa Puerto Naos waliiona nyumba yao kwa macho lakini wasiweze kuingia.

Sababu ilikuwa hewa. Mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi yana hewa nyingi ndani yake, kama soda ilivyo na gesi kabla hujaifungua. Mlima ulipotulia, hewa hiyo iliendelea kutoka chini. Ilipita katika nyufa za miamba na kutokea huku pwani, kilomita kadhaa kutoka mlimani, ndani ya vyumba vya chini, gereji na mashimo ya maji taka.

Hewa hiyo ni kabonidioksidi, ambayo wengi tunaiita hewa ukaa. Ni ileile tunayoitoa tunapopumua na ileile inayofanya mapovu ya soda na ya pombe inayochacha. Katika hewa ya kawaida ni kidogo sana, takriban asilimia 0.04. Ikifika asilimia 10, mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na akibaki hapo hufa.

Ina tabia tatu zinazoifanya iwe ya hatari:

- Haina rangi wala harufu, kwa hiyo macho na pua havisaidii.
- Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, mara moja na nusu. Hukaa chini na kujaa kwenye mabonde na mashimo kama maji.
- Pakiwa pamefungwa au pasipo na upepo, huongezeka. Upepo ukipita, hupungua. Mahali palipokuwa salama jana panaweza kuua leo.

Kwa hiyo katika nyumba moja, wa ghorofa ya tatu angeweza kuishi vizuri na wa chini akafa. Mtu mzima aliyesimama angeweza kupumua, na mtoto au mbwa kando yake akaanguka.

Ndiyo maana kurudi kwa watu hakukuamuliwa kwa kutazama. Vipimo vya hewa viliwekwa nyumba kwa nyumba, zaidi ya elfu moja, vikipeleka taarifa saa zote. Milango na madirisha ya vyumba vya chini viliachwa wazi ili upepo upite. Kuanzia mwaka 2023 watu walianza kurudishwa kidogo kidogo, jengo kwa jengo, wa La Bombilla wakisubiri zaidi. Baadaye ufukwe nao ukafunguliwa kwa waogeleaji, wakati baadhi ya vyumba vya chini nyuma yake vikiwa bado vimefungwa.

Goma wanaijua: wanaiita mazuku

Hewa hii ina jina katika eneo letu la Maziwa Makuu. Ndugu zetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, huiita mazuku. Wataalamu wa volkano wamelichukua neno hilo, na leo linaandikwa katika vitabu vyao vya Kiingereza na Kifaransa lilivyo.

Goma iko chini ya mlima Nyiragongo, uliolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Mlipuko wa mwisho ulitokea tarehe 22 Mei 2021, miezi minne tu kabla ya ule wa La Palma. Magharibi mwa mji, njia ya kwenda Sake kando ya Ziwa Kivu, kuna mabonde madogo ambamo mazuku hutoka ardhini mlima ukiwa umetulia kabisa. Huzidi usiku na alfajiri, upepo unapolala. Wenyeji hujua mahali ilipo kwa kuona wadudu, ndege na mifugo waliokufa bondeni. Anayepata shida ni mgeni: mkimbizi anayetafuta mahali pa kulaza watoto, au mchungaji aliyeteremka kumfuata mbuzi.

Kiasi hewa hii kinachoweza kufanya kilionekana Kameruni tarehe 21 Agosti 1986. Usiku huo Ziwa Nyos lilitapika wingu la kabonidioksidi lililoteremka mabondeni na kuua watu zaidi ya 1,700 waliokuwa majumbani mwao, pamoja na maelfu ya ng'ombe. Hakukuwa na moto wala lava.

Tofauti ya Goma na La Palma haiko kwenye hewa, iko kwenye vipimo. Puerto Naos kila mlango ulipata chombo cha kuonya. Kwenye mabonde ya Goma, mtu hutegemea kibao cha onyo, na mara nyingi hutegemea jirani anayejua kumwambia, "Hapo usilale."

Mgeni akifika leo afanye nini?

Fukwe za La Palma ni nzuri na watu wanaogelea. Wenyeji wanataka wageni warudi, kwa sababu kila chumba kinachokodishwa ni mshahara wa mtu aliyepoteza kazi mwaka 2021. Wanachoomba ni wageni wafuate mambo haya:

1. Soma vibao. Ukiona eneo limefungwa kwa sababu ya gesi, usipite, hata kama unaona paka amelala ndani. Usiingie gereji, chumba cha chini wala shimo lolote.
2. King'ora cha kipimo kikilia, toka. Nenda nje, kisha juu, palipo na upepo. Usirudi kuchukua mzigo.
3. Usipande juu ya lava. Juu imepoa na kuwa ngumu, lakini ina ncha zinazokata kama chupa, na chini kuna mapango ambayo paa lake linaweza kubomoka. Ndani ilibaki na joto kali kwa miaka. Barabara ya kwanza iliyochongwa juu ya lava ilipofunguliwa, magari yalikatazwa kusimama njiani kwa sababu ya joto na gesi. Kwenye mlima wenyewe huingii bila mwongozaji.
4. Heshimu bahari. Atlantiki ina mawimbi yenye nguvu na mchanga mweusi hushuka ghafla. Bendera nyekundu ikipandishwa, usiingie majini.
5. Vaa ndala. Tumeshasema sababu.
6. Uliza kabla ya kupiga picha. Chini ya yale mawe kuna nyumba za watu, na mwenye nyumba anaweza kuwa ndiye anayekuuzia kahawa.

Anayehofia gesi lakini anataka kuona mchanga mweusi anaweza kwenda Puerto de Tazacorte, bandari ya wavuvi kaskazini mwa lava. Walipata majivu mengi wakati wa mlipuko, lakini tatizo la gesi la Puerto Naos halikuwa lao. Fuencaliente, ncha ya kusini, pia ina ufukwe mweusi uitwao Echentive.

Migomba juu ya mawe

Tumeulizwa pia kama ardhi ile italimika tena. Historia yao inasema inawezekana, lakini kwa jasho. Lava ya mwaka 1949 nayo ilisukuma bahari na kuacha uwanda wa mawe. Wakulima walibeba udongo kutoka sehemu nyingine za kisiwa, wakautandaza juu ya mawe, wakavuta maji na kupanda migomba. Mashamba hayo yaliwalisha watoto na wajukuu wao.

Mwaka 2021 tabu ya kwanza ilikuwa maji na njia. Lava ilikata mabomba, na migomba iliyosalia upande wa kusini ikaanza kukauka. Mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari ililetwa kwa meli ikawekwa Puerto Naos. Kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika, jeshi la majini lilivusha wakulima kwa mashua kwenda kumwagilia. Majivu nayo yalikuwa yakikwaruza ndizi zikiwa bado kwenye mikungu, na ndizi yenye mikwaruzo sokoni haipati bei.

Hili linatuhusu nini?

Hapa kwetu hatuna volkano ya kutuamsha usiku. Lakini hewa iliyofunga Puerto Naos tunayo. Inakaa chini ya kisima kilichochimbwa zamani na kuachwa. Inakaa kwenye shimo la choo, kwenye shimo la kuivishia ndizi, na kwenye chumba kilichofungwa chenye mapipa ya pombe inayochacha. Kila mara ni hadithi ileile: mmoja anateremka, anaanguka, ndugu yake anamfuata kumwokoa, naye anaanguka.

Tunakuomba uyakumbuke haya:

- Usiteremke kwenye kisima au shimo refu ukiwa peke yako, wala bila kamba iliyofungwa kifuani na watu wa kutosha juu wa kukuvuta.
- Aliyeanguka chini usimfuate. Mvute kwa kamba kama anayo. Kama hana, ita msaada na upeleke hewa safi chini kwa njia yoyote ukiwa juu.
- Taa si kipimo cha kutosha. Wazee wetu huteremsha taa au mshumaa kwanza. Ukizimika, hakuna kuingia. Lakini ukiendelea kuwaka si uthibitisho, kwa sababu kabonidioksidi inaweza kukuangusha kabla haijazima moto.
- Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, pumzi kwenda mbio na kizunguzungu. Ukizisikia ukiwa shimoni, omba kuvutwa papo hapo.

Watu wa Puerto Naos walisubiri hadi kipimo kiseme ndiyo, na waliporudi, walirudi wazima. Sisi wengi hatuna kipimo. Tuna kamba, tuna majirani, na tuna uwezo wa kukataa kuteremka.

Ukiwa na swali jingine kuhusu mada hii, tutumie ujumbe kwa namba unayoisikia hewani, nasi tutalijibu katika kipindi cha asubuhi. Na kama kuna kisima kilichoachwa wazi kijijini kwenu, leo ni siku nzuri ya kukifunika.